Na Asiyepewa, Je?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mkutano wa walimu na wanafunzi wa sayansi. Naiweka yote kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo?

Mwenyekiti amenipa mada yenye jina refu: njia ya kisayansi na majaribio yenye udhibiti. Nitaifupisha iwe swali moja la maneno matatu. Lakini kabla sijalitaja, nijibuni kwanza hili.

Mtu ameshikwa na mafua. Siku ya kwanza pua inatiririka. Siku ya pili kichwa kinamgonga. Siku ya tatu anapewa kikombe cha dawa fulani, na sitaitaja, maana humu ndani wauzaji hawakosekani. Siku ya saba mtu yuko mzima, anatembea. Nani kamponya?

Nasikia huku wanasema dawa. Nasikia kule wanacheka. Haya. Mafua ya kawaida huisha yenyewe, aghalabu ndani ya siku saba hadi kumi. Angekunywa maji matupu angepona. Angelala bila kunywa chochote angepona. Na bado mtu huyu atakuapia kwamba dawa ile ndiyo iliyomtoa kitandani, wala hatakuwa anadanganya. Alikunywa, akapona, na yote mawili ni kweli. Kitu ambacho hakukiona, na hawezi kukiona, ni yeye mwenyewe wa wiki ileile akiwa hajainywa. Hakuna anayeishi wiki moja mara mbili.

Basi tunamtafuta mtu mwingine, anayefanana naye kadiri inavyowezekana, tunamnyima ile dawa, na tunatazama. Swali langu la maneno matatu ni hilo: na asiyepewa, je? Mtu akikwambia mbolea hii imelistawisha shamba lake la mahindi, muulize: na lisilopewa, je? Akikwambia darasa lake limefaulu kwa sababu ya mbinu mpya, muulize: na lisilopewa, je?

Mtasema hiyo ni akili ya kawaida. Ingekuwa ya kawaida, madaktari wa Ulaya wasingewatoa wagonjwa damu tangu enzi za Wagiriki wa kale hadi karne ya 19, kizazi baada ya kizazi, huku kila mmoja akiwakumbuka wagonjwa wake waliotolewa damu wakapona. Walikuwa watu wenye akili nyingi na vitabu vingi. Swali ndilo lilikosekana.

Sasa twendeni baharini.

Mwaka 1747, meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury ilikuwa na mabaharia walioshikwa na kiseyeye. Wanafunzi mnasoma kiseyeye kwenye mstari mmoja wa jedwali la vitamini, mnapita. Msipite. Fizi huvimba na kuoza, meno hulegea, ngozi hutoka mabaka, magoti hukosa nguvu, na kovu la zamani, lililopona miaka mingi nyuma, huweza kufunguka upya likawa kidonda. Tiba zilikuwa tele, kila daktari na yake, kila nahodha na yake.

Daktari wa meli ile, James Lind, akachukua wagonjwa 12 ambao hali zao zilikaribiana. Akawalaza sehemu moja ya meli. Akawapa chakula kimoja: asubuhi uji wa sukari, mchana mara nyingi mchuzi wa kondoo. Sikilizeni vizuri hapo. Mahali pamoja, chakula kimoja. Kisha akawagawa wawili wawili. Wawili wakapewa pombe ya tufaha. Wawili, matone ya asidi ya salfa iliyozimuliwa. Wawili, siki. Wawili, maji ya bahari, nusu painti kila siku. Wawili, mchanganyiko wa vitunguu saumu, haradali na viungo vingine. Na wawili wa mwisho, machungwa mawili na limau moja kila siku.

Matunda yakaisha siku ya sita. Na siku ya sita, mmoja wa wale wawili alikuwa karibu mzima wa kurudi kazini. Mwenzake alipata nafuu kiasi kwamba alipewa kazi ya kuwauguza wale wengine kumi. Hebu fikirini: mgonjwa mwenzao, waliolazwa naye, ndiye sasa anawaletea uji.

Lind asingejua lolote kama angewapa wote 12 machungwa. Wangepona wote, naye angesema labda ni upepo, labda ni mchuzi. Kilichoyapa machungwa nguvu ya ushahidi ni wale kumi waliobaki wamelala. Kundi la ulinganisho ndilo hilo.

Na sasa niwape upande wa pili, maana hadithi hii husimuliwa kama ushindi na haikuwa. Lind alichapisha kitabu chake mwaka 1753. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia maji ya limau rasmi mwaka 1795. Hesabuni wenyewe: miaka 42. Lind mwenyewe ana sehemu ya lawama. Hakujua vitamini C ni nini, hakuna aliyejua hadi karne ya 20, naye alikuwa na maelezo yake marefu kuhusu jasho kuziba mwilini, yasiyo sahihi. Tena akapendekeza maji ya limau yachemshwe polepole yawe mazito ili yadumu safarini, na moto ukaiharibu ileile vitamini iliyowaponya watu. Jaribio lilikuwa na jibu sahihi mikononi mwa mtu mwenye maelezo potofu. Hilo hutokea sana katika sayansi, na mimi halinisikitishi. Jibu la jaribio halingoji uelewe sababu yake.

Kwa nini nimekazia chakula kimoja, mahali pamoja? Kwa sababu makundi yakitofautiana kwa mambo mawili, hujui lipi limefanya kazi. Miaka karibu 80 kabla ya Lind, mwaka 1668, Mwitalia Francesco Redi alikuwa anapinga imani kwamba nyama iliyooza huzaa funza yenyewe. Akaweka nyama kwenye vyombo. Vingine wazi, vingine amevifunga kabisa. Kwenye vile vilivyofungwa hapakuwa na funza. Amemaliza? Hapana. Mbishi atainuka aseme: bwana, umezuia nzi, lakini umezuia na hewa, pengine hewa ndiyo inayohitajika. Na mbishi huyo ana haki. Redi akarudia kwa kitambaa chepesi, hewa inapita, nzi hapiti. Nyama ikaoza bila funza ndani. Mbishi akakosa pa kusimama.

Nawaambia wanafunzi: mbishi huyo mwekeni kichwani mwenu, mpeni na kiti. Kabla hujafanya jaribio, muulize atakushambulia wapi. Na nadharia tete yako, yaani lile dai unalokwenda kulijaribu, liandike kabla hujaanza, na uandike matokeo gani yatakufanya ulitupe. Kama hakuna matokeo yatakayokufanya ulitupe, hapo huna jaribio. Una sherehe.

Turudi kidogo kwa Lind, kuna kitu nilikificha. Wale wawili wa maji ya bahari, yeye mwenyewe aliandika kwamba walikuwa miongoni mwa waliozidiwa zaidi. Mmeliona tatizo? Ukimchagulia mgonjwa hoi dawa fulani, halafu hakupona, utasema dawa ni mbovu. Na ukimchagulia mwenye nafuu dawa unayoipenda, utasema dawa ni nzuri. Mwamba ngozi huvutia kwake. Wala si lazima awe mwongo. Daktari mwenye huruma atataka mgonjwa aliyezidiwa apate dawa mpya. Mwenye tahadhari atawapa wenye nguvu tu. Wote wawili ni watu wema, na wote wawili wameshaliharibu jaribio kabla halijaanza.

Dawa ya ugonjwa huo ni kupiga kura, yaani kuiachia bahati nasibu iamue, kama kwa kurusha shilingi. Kuchagua nani apewe kutoke mikononi mwa binadamu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na akiba ndogo ya dawa mpya ya kifua kikuu, streptomaisini. Haikutosha wagonjwa wote, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuwapa wote hata kama wangetaka. Mtakwimu Austin Bradford Hill akapanga jaribio ambalo nani apewe na nani asipewe liliamuliwa kwa namba za nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha. Daktari anayempokea mgonjwa hakujua bahasha ina nini mpaka mgonjwa awe ameshakubaliwa kuingia. Wagonjwa 55 walipata dawa pamoja na kupumzika kitandani. Wagonjwa 52 walipumzika kitandani tu, ambayo ndiyo ilikuwa tiba ya wakati ule. Picha za eksirei za mapafu zilisomwa na wataalamu wasiojua picha ni ya mgonjwa wa kundi lipi.

Baada ya miezi sita, katika wale 55 walikuwa wamekufa 4. Katika wale 52, 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948.

Lakini namba ninayoipenda mimi katika ripoti ile ni nyingine. Kati ya wale 52 wasiopewa dawa, wanne walipata nafuu kubwa iliyoonekana hata kwenye eksirei. Kwa kulala tu! Wanne hao wangekuwa wamepewa mizizi, au vidonge vya chaki, au baraka za mtu fulani, leo tungekuwa na shuhuda nne za kweli kabisa, zenye picha za kabla na baada. Shuhuda mnazozisikia kila siku si lazima ziwe za uongo. Ni nusu ya habari. Na asiyepewa, je?

Mambo ya dawa ile hayakuishia hapo, maana vimelea vilianza kujenga usugu kwa wagonjwa wengi ndani ya jaribio lenyewe. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Niwapeleke sasa Ufaransa, mwaka 1784, na hapa mtacheka. Daktari Franz Mesmer alikuwa ameivuruga Paris kwa tiba yake ya nguvu za sumaku za viumbe. Watu wakiguswa walitetemeka, walilia, walizimia, kisha walisema wamepona. Mfalme Louis wa 16 akaunda tume. Ndani yake alikuwemo Lavoisier, mkemia mkuu wa zama zile, na Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, mzee wa miaka 78. Mesmer alikataa kushirikiana nao. Mfuasi wake, daktari Deslon, akakubali.

Jaribio moja lilifanyika bustanini kwa Franklin, huko Passy. Deslon alitia nguvu zake kwenye mti mmoja tu. Akaletwa mvulana wa miaka 12, aliyechaguliwa na Deslon mwenyewe kwa kuwa alijulikana kuitika vizuri tiba ile. Mvulana akafungwa kitambaa machoni, akaongozwa mti hadi mti, akiukumbatia kila mmoja. Mti wa kwanza, jasho na kukohoa. Mti wa pili, kizunguzungu. Wa tatu, amezidi. Wa nne, akazimia kabisa, wakambeba wakamlaza kwenye majani.

Mti wenye nguvu hakuufikia. Wa nne ulikuwa mbali nao.

Mnacheka, na mimi nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Lakini mvulana yule alizimia kweli. Jasho lilikuwa jasho. Mwili wa binadamu hufuata matarajio ya mwenye mwili, wangu na wenu. Ndiyo maana siku hizi asiyepewa dawa hupewa kidonge kinachofanana nayo, kisicho na dawa ndani, asijue yuko kundi gani. Na anayepima naye asijue, kwa sababu jicho la mpimaji nalo lina matarajio yake.

Sasa ndugu zangu nyamazeni kidogo, maana hadithi ifuatayo haina kicheko.

Mtoto analetwa hospitali na homa kali. Mikono na miguu ya baridi, moyo unakwenda mbio, damu haizunguki sawasawa. Ushauri uliokubalika kwenye miongozo ya tiba ya watoto ulikuwa huu: mwekee dripu ya maji mengi, kwa kasi, ndani ya saa ya kwanza. Mantiki yake ni safi. Mzunguko wa damu umedhoofika, ongeza maji, mzunguko urudi. Na madaktari waliona kwa macho yao watoto wakichangamka.

Watafiti wakauliza swali letu. Wakaliuliza hapa Afrika, katika hospitali za Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Jaribio liliitwa FEAST. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Mawili yalipata dripu ya kasi, kila moja kwa aina yake ya maji. La tatu halikupata dripu ya kasi. Lilipata maji ya kawaida ya kumhudumia mtoto, na matibabu mengine yote kama wenzao. Watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, kwa hiyo yanayofuata hayawahusu hao. Naomba mtu asitoke hapa akaenda kumnyima maji mtoto anayeharisha.

Jaribio lilisimamishwa Januari 2011 kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Ndani ya saa 48, katika makundi mawili ya dripu ya kasi walikufa asilimia 10.6 na asilimia 10.5 ya watoto. Katika kundi lisilopewa, asilimia 7.3.

Wasiopewa ndio waliosalimika zaidi.

Na kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko namba zenyewe. Katika ile saa ya kwanza, watoto waliopewa dripu ya kasi ndio waliochangamka zaidi. Daktari aliyekuwa kando ya kitanda hakuota, alichokiona kilikuwepo. Tofauti ya vifo ni kama watoto watatu katika kila mia. Jicho la nani linaweza kuona watatu katika mia, kwenye wodi iliyojaa watoto mahututi, ambamo wengine hufa na wengine hupona kila siku? Uzoefu wa miaka 30 hauoni. Huruma haioni. Inahitaji maelfu ya watoto, kura, na daftari.

Kuna mkono umeinuka pale, na nadhani najua swali. Je, si ukatili kumnyima mtoto tiba kwa ajili ya jaribio? Ukijua kwamba tiba inafaa, ndiyo, ni ukatili, na hakuna kamati ya maadili inayopaswa kuruhusu. Lakini kama hujui, wewe unayempa ndiye unayemjaribia, kila siku, kwa kila mtoto, bila ridhaa, bila daftari, na bila siku ya kusimamisha. Tofauti ni kwamba jaribio lako halina mwisho wala jibu.

Si kila kitu kinajaribiwa hivi. Huwezi kupiga kura nani avute sigara miaka 30. Huwezi kuweka jua mbili angani. Huko wanasayansi hutafuta ulinganisho uliojitokeza wenyewe na hukaza sana macho kwenye mambo yanayoweza kuwapotosha. Kazi ni ngumu zaidi, na hitimisho huja polepole.

La mwisho, kisha nakaa. Mnamjua Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi Magamba, kule Tanzania, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida yao walichemsha maziwa, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Siku hiyo mwenzake akawahi, akamimina maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, akayaweka ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Mwalimu mmoja akamwambia amechanganyikiwa. Mwingine, baadaye, akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Kijana hakunyamaza. Denis Osborne, mhadhiri wa chuo kikuu Dar es Salaam, alipotembelea shule yake, akamuuliza mbele ya watu. Osborne akarudi chuoni akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa: kweli, ya moto yameganda kwanza. Kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi!

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao. Na ubishi haukuisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walirudia kwa uangalifu wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha wa jambo hilo, na wakaonesha kuwa kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo kunaweza kuleta tofauti inayofanana nalo. Wengine hawajakubali. Na turudi kwenye maziwa yenyewe: ya Mpemba yalikuwa ya moto, na pia yalikuwa yamechemshwa. Ya mwenzake hayakuchemshwa. Tofauti mbili, mnaona?

Basi nawaachia kazi. Chukueni vyombo viwili vya aina moja, maji ya chanzo kimoja, yote yaliyokwisha kuchemshwa. Maji ya kimoja yaacheni yapoe, ya kingine yapasheni tena. Kiasi kimoja kwa kupima. Chombo kipi kikae upande gani wa friji, rusheni shilingi. Kipimajoto kiwekwe kwenye kina kilekile katika vyombo vyote viwili. Anayesoma asijue kipi ni kipi. Kubalianeni mapema mtasema "yameganda" wakati gani, muandike, msaini. Rudieni mara nyingi, na matokeo yote myalete kwa mwenyekiti, hata yale msiyoyapenda.

Mwenyekiti, kama muda upo, yule dada wa safu ya tatu aulize.